Jirani analalamikia kelele ambayo mimi siisikii

Mshauri mpendwa,

Ninaishi ghorofa ya pili katika jengo la nyumba za kupanga, pamoja na mdogo wangu ambaye bado anasoma. Chini yetu anakaa mama mmoja mtu mzima, anayeishi peke yake, ambaye tangu tuhamie tumekuwa tukisalimiana vizuri kila tunapokutana kwenye ngazi. Miezi michache iliyopita alinisimamisha akaniomba, kwa upole kabisa, tupunguze kelele za usiku. Nilimwomba radhi bila hata kuuliza ni kelele gani, kwa kuwa nilidhani ni viti vinavyoburutwa au ni mdogo wangu anayechelewa kulala. Nikaweka vipande vya mpira chini ya miguu ya viti, tukaacha kutembea na viatu ndani, na televisheni tukawa tunaizima mapema.

Malalamiko hayakuisha. Mara ya pili alinieleza kwamba si viti wala si televisheni, bali ni mngurumo mzito unaoanza baada ya saa sita usiku, ukadumu kwa muda mfupi, ukakatika kwa kishindo kidogo kama cha mlango uliofungwa kwa nguvu, kisha baada ya dakika kadhaa ukarudi, na kwamba hali huendelea hivyo mpaka alfajiri. Usiku ule nilisimama sebuleni taa zikiwa zimezimwa, nikasikiliza kwa makini, na sikusikia chochote kisicho cha kawaida. Kesho yake nilipomwambia hivyo, alinitazama kama mtu anayedanganywa mchana kweupe, na tangu hapo hata salamu zetu zimepoa.

Kilichonichosha zaidi kilitokea mwezi uliopita. Tulisafiri sote wawili kwenda msibani, nyumba ikabaki imefungwa, na tuliporudi nikakuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango ikisema kwamba kelele za usiku wa kuamkia siku hiyo zilikuwa mbaya kuliko zote. Hapo nikaamini kwamba mama huyu ama ananichukia, ama anasikia mambo yasiyokuwepo. Sasa amepeleka malalamiko kwa mwenye nyumba, naye amenitumia ujumbe akitaka nimweleze ni shughuli gani ninayoifanya usiku. Kwetu hatuna mashine yoyote ila friji, feni, na kipampu cha kuongeza nguvu ya maji bafuni ambacho hujiwasha chenyewe. Choo nacho hutiririsha maji kidogo kidogo, lakini hilo tumelizoea na halina sauti ya kumsumbua mtu.

Je, nimwambie mama huyu waziwazi akapimwe masikio? Mwenye nyumba nimjibu nini? Au nihame tu niepukane na lawama za kitu nisichokifanya?

Mpangaji aliyechoka

JIBU

Ndugu msomaji,

Kabla ya yote, naomba uirudie ile karatasi uliyoikuta chini ya mlango na uisome upya, safari hii bila hasira. Wewe umeichukua kuwa ushahidi wa chuki au wa akili iliyochoka, ilhali mimi naiona kuwa taarifa yenye thamani kubwa kuliko nyingine zote ulizopewa tangu jambo hili lianze. Mama huyu hakujua kwamba mmesafiri. Aliandika alichokisikia, na alichokisikia kinaondoa kwa mkupuo mmoja viti, viatu, televisheni na mdogo wako. Kama aliyoyaandika ni kweli, na hujanipa sababu yoyote ya kuyatilia shaka, basi kinachonguruma ni kitu kinachojiwasha na kujizima bila kuhitaji mkono wa mtu. Katika orodha yako ya vitu vilivyomo ndani, vipo viwili vya namna hiyo, na mwishoni umeongeza cha tatu kwa kukipitia tu, yaani choo kinachotiririka.

Siwezi kuthibitisha kwa barua kwamba hicho ndicho chanzo. Hata hivyo, maelezo ya jirani yako yanafanana mno na jambo ambalo mafundi wa mabomba hulikuta mara kwa mara, na ni haki yako kuelewa linavyofanya kazi ili uweze kulichunguza mwenyewe. Ndani ya tangi la choo kuna boya linalopanda pamoja na maji na kufunga valvu tangi linapojaa, na chini yake kuna kizibo cha mpira kinachoyazuia maji yasiteremke bakulini. Kizibo kikichakaa au kikikaa upande, maji huvuja kimyakimya, boya hushuka, na valvu hufunguka kuruhusu maji mengine yaingie. Kipampu chako kimetengenezwa kiwake pale nguvu ya maji bombani inaposhuka au maji yanapoanza kupita. Hakiwezi kutofautisha mtu anayeoga na tangi linalovuja. Kwa hiyo huwaka, husukuma maji kwa muda mfupi mpaka tangi lijae au nguvu irudi, kisha huzima. Kinapozima, valvu inayozuia maji yasirudi nyuma hujifunga kwa nguvu, na maji yaliyokuwa yakienda kasi yanaposimamishwa ghafla hulitikisa bomba zima. Huo mngurumo wa muda mfupi, kishindo mwishoni, ukimya wa dakika kadhaa, halafu mwanzo mpya, ndio hasa aliokusimulia jirani yako, naye hajui hata kwamba una kipampu.

Utaniuliza, kwa nini basi wewe uliyesimama sebuleni gizani hukuusikia? Sababu ya kwanza ni njia inayopitia sauti. Pampu ndogo ikiwa mkononi haina kelele kubwa, lakini ukiifunga kwa skrubu ukutani, ule ukuta huupokea mtetemo wake na kuukuza, kama vile nyuzi za gitaa zisivyosikika vizuri mpaka mtetemo wake uingie kwenye sanduku la mbao. Mtetemo hausambai sawasawa nyumba nzima. Husafiri ndani ya zege na mabomba bila kufifia sana, ukatokea kwa nguvu kwenye ukuta au dari fulani, mara nyingi mbali na ulikoanzia, na huenda ukuta huo ndio ulio nyuma ya kichwa cha kitanda cha mama huyo huku sebule yako ikibaki kimya. Sababu ya pili ni mazoea. Umeandika mwenyewe kwamba mlio wa choo mmeuzoea. Ubongo wa mtu huacha kushughulika na sauti za nyumbani kwake zinazojirudia bila kuleta hatari, na ulipokuwa ukisikiliza usiku ule ulikuwa ukitafuta kitu kisicho cha kawaida, ilhali pampu na choo kwako ni vya kawaida kabisa. Yeye hana mazoea hayo, na wala hana uwezo wa kuizima sauti inayomwamsha. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Hatua ya kwanza, ambayo unaweza kuifanya leo, ni kudondosha matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi la choo, kisha mkae nusu saa bila mtu yeyote kuvuta maji. Rangi ikionekana bakulini, kizibo kinavuja. Ikiwa haikuonekana, fungua mfuniko utazame usawa wa maji, kwani boya lililowekwa juu mno huyaacha maji yamwagike ndani ya bomba la kufurikia na kuishia bakulini bila kuacha dalili nyingine. Baada ya hapo, kaa karibu na pampu usiku wakati hakuna anayetumia maji, ukiwa umeweka kiganja chako juu ya bomba linalotoka kwenye pampu hiyo, na usubiri. Usitegemee sikio peke yake, kwa sababu mkono huhisi mtetemo ambao sikio lililozoea huupuuza. Pampu ikijiwasha wakati koki zote zimefungwa, umepata mvujo mahali fulani, na una sababu nzuri ya kuongeza hatua ya pili.

Friji nayo isiachwe nje ya uchunguzi. Kompresa yake hufanya kazi kwa vipindi usiku kucha, hutikisika kidogo inapozima, na ikiwa imeegemea ukuta au raba zinazoibeba zimekauka kwa umri, hupeleka mtetemo wake sakafuni, ambayo kwa jirani yako ni dari. Ivute mbali kidogo na ukuta, hakikisha inasimama sawasawa kwa miguu yote minne, na uondoe sufuria au chupa zilizowekwa juu yake zikigusana.

Hatua ya pili ndiyo ngumu kwako kwa sasa, nayo ni kushuka chini ukabishe hodi. Nenda mchana, si usiku wakati wote wawili mmechoka, na usiende na utetezi. Ninaona watu wengi wakiharibu mambo hapa kwa namna mbili zilizo kinyume: mmoja hukiri kosa asilolifahamu ili yaishe, kama ulivyofanya mara ya kwanza ulipoomba radhi bila kuuliza, na mwingine hukana kila kitu kwa sababu hajasikia. Anayekiri upesi huonekana mwongo kelele zinapoendelea, na anayekana humfanya mwenzake aanze kukusanya ushahidi dhidi yake. Maneno yanayofaa ni ya katikati, na ya kweli. Mwambie: «Shikamoo mama. Nimekuja kwa ajili ya ile kelele ya usiku. Kwangu siisikii, lakini naamini wewe unaisikia, na nataka tuitafute pamoja. Nakuomba itakapoanza tena unipigie simu, hata iwe saa nane usiku, nishuke nije nisikilize nikiwa kwako.» Ombi hilo humbadilisha mlalamikaji kuwa shahidi wako, na nina hakika kwamba litamgusa zaidi kuliko zawadi yoyote ambayo ungempelekea.

Akikupigia, shuka kweli. Nenda pamoja na mdogo wako ili pawe na masikio zaidi ya mawili, kaeni pale pale anapolala, na mkiisikia gusa kuta, mabomba na fremu ya dirisha ujue mtetemo una nguvu zaidi wapi. Usishangae ikiwa mtashindwa kukubaliana sauti inatoka upande gani, kwani milio mizito ni migumu kuelekezwa kwa sikio, na ndiyo maana watu wengi hulaumu nyumba ya juu yao hata pale chanzo kinapokuwa kwa jirani wa pembeni au kwenye mtambo wa jengo zima. Vilevile usimwombe athibitishe kwa rekodi ya simu. Maikrofoni za simu zimetengenezwa kwa sauti za wazungumzaji, na mngurumo wa chini mara nyingi hautokei katika rekodi ingawa unamtikisa mtu kitandani. Programu za simu zinazopima desibeli zina udhaifu huohuo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulipendekeza kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na ukaeleza kwamba pale milio mizito inapotawala kiwango kinapaswa kuwa chini zaidi ya hapo. Kwa maneno mengine, kelele inayoonekana ndogo kwenye kioo cha simu bado inaweza kuwa inamnyima mtu usingizi.

Ikiwa pampu au friji vinabaki kuwa washukiwa, fanyeni jaribio ambalo halimhitaji yeyote kati yenu kumwamini mwenzake. Mkubaliane mapema kwamba kwa muda wa wiki mbili utazima pampu na kufunga maji ya choo katika baadhi ya usiku, ukiandika tarehe kwenye karatasi yako bila kumwambia ni usiku upi, naye kila asubuhi aandike kama alisikia mngurumo na saa ngapi. Mwishoni mketi pamoja mlinganishe karatasi mbili. Usiku uliozima vyote ukilingana na usiku aliolala vizuri, jibu limepatikana. Kelele zikiwapo hata ulipozima, umesafishwa na yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake. Friji ijaribuni kando, kwa saa mbili tu usiku mmoja huku akisikiliza, kwa kuwa ikibaki imefungwa hutunza baridi yake kwa saa 4 hivi. Nasisitiza kwamba jaribio lifanyike kwa ridhaa yake, kwani ukimfanyia kwa siri kisha ukamtolea matokeo, atajiona amewekewa mtego, na atakuwa na haki ya kujiona hivyo.

Nije sasa kwenye swali lako kuhusu masikio. Wapo watu wanaosikia mlio usio na chanzo nje ya mwili wao, na si jambo la aibu wala la ajabu. Mara nyingi mlio huo huwa mwembamba, ingawa kwa wengine huwa kama mngurumo. Lakini mlio wa namna hiyo humfuata mtu kila aendako, na hukatika kwa kishindo baada ya vipindi kwa nadra sana. Kwa hiyo sioni kwamba maelezo ya mama huyu yanaelekea huko. Hata kama yangeelekea, wewe ndiye mtu wa mwisho anayefaa kumwambia, kwa sababu wewe ndiye unayelaumiwa, na neno hilohilo ambalo kwa daktari ni ushauri, kwako litakuwa tusi. Unachoweza kumuuliza bila kumdhalilisha ni kama amewahi kuusikia mngurumo huo alipolala mahali pengine, na kama mgeni yeyote aliyelala kwake ameusikia pia. Majibu atayatafakari mwenyewe.

Nakuomba pia ukumbuke kwamba kutosikia kwa wengi hakufuti kusikia kwa mmoja. Katika mji wa Windsor, nchini Kanada, wakazi walilalamika kwa miaka mingi, kuanzia karibu mwaka 2011, kuhusu mngurumo ambao baadhi yao waliusikia wazi na majirani zao hawakuusikia kamwe. Uchunguzi ulielekeza kwenye eneo la viwanda vya chuma la Zug Island, ng'ambo ya mto upande wa Marekani, na mngurumo ulinyamaza mwaka 2020 shughuli za huko ziliposimamishwa. Waliokuwa wakiambiwa kwamba wanajisikizia tu walikuwa wakisema kweli kwa muda wote huo.

Mwenye nyumba umjibu leo, wala usisubiri upate majibu ya uchunguzi, kwa sababu ukimya wako atautafsiri kuwa kukiri. Jibu liwe la maandishi, fupi, lisilo na lawama kwa jirani. Mweleze kwamba hakuna shughuli yoyote inayofanyika kwako usiku. Kwamba kelele iliripotiwa pia katika usiku ambao nyumba ilikuwa imefungwa, na utaje tarehe ya safari yenu. Kwamba kwa sababu hiyo unashuku mfumo wa maji au kifaa kinachojiwasha. Na kwamba unaomba fundi akague choo, pampu na jinsi mabomba yalivyofungwa ukutani. Ile karatasi ya jirani ihifadhi vizuri. Kama pampu na choo ni mali ya nyumba, matengenezo ni jambo la kukubaliana na mwenye nyumba kwa kufuata mkataba wenu, na kama pampu uliiweka wewe, jiandae kugharimia marekebisho yake. Kubadilisha kizibo au boya ni kazi ndogo kwa fundi yeyote wa mabomba. Kuinyamazisha pampu ni kazi kubwa kidogo, lakini inawezekana: iondolewe kwenye ukuta wa vyumba vya kulala, ikalishwe juu ya raba nzito, iunganishwe kwa kipande cha bomba laini badala ya bomba gumu pekee, na wakati mkisubiri hayo yote muizime kabla ya kulala. Hilo la mwisho lianze usiku wa leo, isipokuwa usiku wa uchunguzi na majaribio, maana halina gharama.

Inawezekana mkafanya haya yote na mngurumo ukabaki. Hapo mtakuwa mmeondoa nyumba yako katika orodha, na mtaandika barua moja kwa mwenye nyumba mkiwa na sahihi zenu wote wawili, mkimwomba akague pampu ya jengo, tangi la juu na nyumba za jirani. Lakini ikiwa ataendelea kukulaumu wewe binafsi baada ya majaribio aliyoshiriki mwenyewe, una haki ya kuweka mpaka: kwamba malalamiko mapya yapelekwe kwa mwenye nyumba kwa maandishi, na kwamba simu za usiku zikome. Liseme hilo kwa adabu na mara moja tu, kisha uendelee kumwamkia kwenye ngazi kama kawaida.

Kuhusu kuhama, ushauri wangu ni kwamba usilifikirie kabla fundi hajamaliza kazi yake. Ukiondoka sasa utaondoka ukiwa na jina la mpangaji mwenye kelele, na kama choo ndicho kinachoiwasha pampu, atakayehamia baada yako ataikuta karatasi nyingine chini ya mlango. Anza na matone ya rangi, umtumie mwenye nyumba ujumbe kabla ya jioni, na kesho mchana ukabishe hodi.